Njia ya Mikono Mfukoni

Neema alinipigia simu Jumanne moja asubuhi nikiwa uani hapa Chanji, Sumbawanga, nachambua maharage. Sikuwa namjua. Alinisalimu shikamoo, akajitambulisha kuwa ni binti wa marehemu mwalimu Elia, na hilo neno marehemu likanifikia kabla sijajiandaa. Walikuwa wamemzika wiki mbili kabla, kwao Kilimanjaro. Sasa familia inaandaa kijitabu kidogo cha kumbukumbu, na katika maisha ya baba yao kuna mwaka mmoja wasioujua, ule aliofundisha huku Ufipa kabla hajaoa. Namba yangu alipewa na mwalimu mmoja mstaafu. "Mama, tumeambiwa mlikuwa shule moja," akasema. "Kama kuna chochote unakumbuka, hata kidogo, tusaidie." Nikamjibu kwamba nitajaribu, ila kumbukumbu za wazee anazijua mwenyewe. Nilikuwa nadanganya. Mwaka ule naukumbuka kuliko mwaka jana.

Nilipokata simu nilirudi kwenye ungo wangu nikakuta natupa maharage mazima na kubakiza mawe. Kuna jambo nililifanya mwaka ule ambalo sijawahi kulisema. Mume wangu alikufa bila kulijua. Kwa padri nililisema nusu, ile nusu isiyo na aibu sana, akanipa Salamu Maria tatu na mimi nikazipokea nikijua kabisa kwamba nimemwibia. Sasa mtu pekee aliyelijua lote amekwenda, na binti yake ananiomba nimwambie ninachokumbuka. Nimekaa na swali hilo siku nyingi, nikiwaza kama nitamwambia au nitamwandikia yale ya kawaida, kwamba alikuwa mchapakazi na mcheshi na alipendwa na wanafunzi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ilikuwa mara ya kwanza kulala nje ya nyumba yetu. Nilipangiwa shule ya msingi katika kijiji cha ukingoni, nusu siku ya kutembea kutoka Kaengesa, pale uwanda wetu unapokatika ghafla na kuporomoka kuelekea bonde la Rukwa. Ukingo huo wenyeji wanauita Lyamba lya Mfipa, nasi pale kijijini tulisema Lyamba tu. Nilifika Januari, mvua ikinyesha, nikiwa na sanduku la bati na godoro lililolowa upande mmoja. Nyumba ya walimu ilikuwa moja, ya matofali mabichi, imegawanywa kati kwa ukuta usiofika juu. Upande wangu kulikuwa na chumba, na sebule isiyo na hata kigoda. Jioni ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia mlangoni kama mgeni asiyepiga hodi. Nililia usiku wa kwanza, nikalia na wa pili, na wa tatu nikaona aibu kwa sababu ya yule jirani wa upande wa pili wa ukuta, ambaye bila shaka alikuwa anasikia kila kitu.

Jirani huyo ndiye Elia. Asubuhi ya siku ya nne alinigongea akiwa ameshika sufuria ya viazi vitamu. Hakusema lolote kuhusu kulia. Alisema viazi vimezidi. Alikuwa Mchaga mrefu, mkubwa kwangu kwa miaka mitano au sita, na kabla ya ualimu alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, akibeba mizigo ya wageni. Baadhi yao walikuwa wapanda miamba, na mmoja alipoondoka alimwachia kamba ndefu na vipete kadhaa vya chuma vya kuifungia. Kamba hiyo ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake, pale ambapo nyumba nyingine zote za kijijini zilikuwa na rozari. Tukaanza kupika pamoja kwa sababu kuni zilikuwa mbichi na haikuwa na maana kuwasha majiko mawili. Ugali wa ulezi ulimshinda mwanzoni, alisema anakula udongo wa mfinyanzi, lakini kufikia Machi alikuwa anaumega na kuuchovya kwenye mchuzi wa samaki wakavu wa Rukwa bila kunung'unika. Mimi nilikula vizuri tangu siku ile ya viazi.

Kilichompeleka kwenye miamba hakikuwa mchezo. Chini kidogo ya kijiji, Lyamba lina ukuta wa mawe unaosimama wima, na chini ya ukuta kuna sehemu tambarare tuliyoiita Begani, halafu mteremko unaendelea hadi bondeni. Pale Begani familia chache za Wasukuma zilikuwa zimehamia na ng'ombe wao. Ukisimama juu unawaona watoto wao wakicheza, unasikia hata wakiitana majina. Lakini kufika shuleni iliwabidi wazunguke kwa njia ya kusini, karibu nusu siku, kwa hiyo hawakuja. Elia hakuweza kuvumilia hilo. Alikuwa na hakika kwamba ukuta mrefu kiasi kile lazima una mahali pa kupita. "Mlima hauwezi kuwa mbaya kila mahali," alikuwa akisema. "Ni kuutafuta tu."

Basi kila Jumamosi tulitafuta, yeye akishuka na mimi nikimshikia kamba. Alinifundisha kuizungusha kwenye shina la mti, kisha kiunoni mwangu, na kuiachia kidogo kidogo bila kuiacha ikimbie. Alinifundisha kupanda pia, kwamba mikono ni ya kujishikiza tu, kazi ni ya miguu, na kwamba mtu anayekumbatia jiwe haoni pa kukanyaga. Kila njia aliiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia na kuipa daraja. Hakutumia madaraja ya wale wageni wake, alitunga yake. Palipohitaji kamba paliitwa pa kamba. Palipofuata paliitwa pa mikono miwili, kisha pa mkono mmoja. Daraja la chini kabisa, lile alilolitafuta kwa ajili ya mtoto wa darasa la kwanza mwenye daftari kwapani, aliliita mikono mfukoni. Hadi mwisho wa Machi alikuwa ameandika njia tisa, na hakuna hata moja ya mikono mfukoni.

Kijiji kilituangalia kwa wasiwasi. Siku moja kisimani niliwasikia wanawake wawili, hawakujua niko nyuma yao, wakijadiliana Mchaga yule anatafuta nini kwenye mawe. Mmoja alisema madini. Mwingine alisema ni mali ya Wajerumani, babu yake aliwahi kusikia sanduku lilishushwa kule. "Na binti wa watu naye?" akauliza wa kwanza. "Binti wa watu anatafuta mume," akajibiwa, wakacheka mpaka maji yakamwagika. Nilirudi na ndoo tupu. Sikuwa natafuta mume, nadhani. Nilichokitaka ni Jumamosi, na ile sauti ya upande wa pili wa ukuta ikisali kwa Kichaga kila jioni, hata kama sielewi neno.

Mwezi huo wa Machi ndipo alipokosea. Kwetu, nyasi za kuezekea zikirefuka, anayezihitaji anakwenda mlimani na kufunga mafundo kwenye pembe za sehemu yake, anasokota mashina machache na kuyakaza. Tangu hapo nyasi zina mwenyewe hadi zikauke na kukatwa. Hakuna anayezigusa, hakuna anayechungia, wala hakuna anayekatiza ndani yake, kwa kuwa nyasi zilizokanyagwa haziezeki. Elia hakujua. Alipita katikati ya nyasi za bibi mmoja na kamba begani, na bibi akaja hadi shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa na kumsema kwa Kifipa mbele ya watoto. Mimi ndiye niliyemtafsiria. Elia alikwenda kuomba radhi jioni ile ile, akaahidi kuwa wakati wa kukata atamsaidia kubeba. Njiani kurudi aliniuliza kila kitu kuhusu mafundo, yanafungwaje, yanadumu muda gani, kama kuna anayethubutu kuyavunja. Nikamwambia hakuna. Tangu siku hiyo akiona fundo alizunguka mbali, hata kama ni kazi ya dakika mbili kupita.

Jumatatu ya Pasaka alikuwa hajarudi kutoka Sumbawanga, alikoitwa ofisi ya elimu siku ya Alhamisi kuhusu uhamisho alioomba kabla sijafika. Nilibaki peke yangu, na nyumba ilikuwa kimya vibaya. Nikatoka kutafuta uyoga ukingoni. Nilichokiona ni kinyesi cha mbuzi, kibichi, mahali ambapo mbuzi wa kijiji hawachungiwi kamwe. Nilisimama nikafikiri. Wenye mbuzi karibu na pale walikuwa watu wa Begani tu. Nikafuata kinyesi kikaniingiza kwenye nyasi zilizonipita kichwa, nikatokea nyuma ya jiwe kubwa lililoegemea ukuta. Kati ya jiwe na ukuta kulikuwa na upenyo, na ndani ya upenyo mawe yaliyopangika yakishuka, yanapinda kushoto, yanapinda kulia, mahali pote pana pa kuweka unyayo mzima. Niliteremka hadi Begani, nikawaona ng'ombe kwa karibu, nikageuka. Wakati wa kupanda niliingiza mikono kwenye mifuko ya sweta kwa makusudi na sikuitoa hadi juu. Nilikuwa nacheka peke yangu. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Alirudi jioni, amepigwa na mvua, nami nilikuwa nimepika maharage na kubana habari yangu mdomoni ili nimwambie akishashiba. Yeye akaanza. Uhamisho umekubaliwa, alisema, anaweza kwenda kwao hata sasa, lakini amewaomba wamvumilie mpaka hii kazi ya ukuta iishe. "Nikiipata njia kesho, Ana, keshokutwa napanda gari," akasema huku anafuta sahani kwa tonge la mwisho. Alisema kwa furaha, na kwa nini asifurahi, mama yake alikuwa mgonjwa. Nikamwuliza kama ataongeza ugali. Nilimwongezea, nikaosha vyombo, nikaingia kwangu, na kupitia juu ya ukuta nikamsikia anaimba kwa sauti ya chini akivua viatu. Sikulala. Niliona chumba kile kama kitakavyokuwa, na mvua, na sufuria moja.

Alfajiri, kabla ya kengele ya shule, nilikwenda ukingoni nikafunga mafundo. Niliyafunga vizuri, kama mama alivyonifundisha, pembe zote za zile nyasi zilizoziba mdomo wa upenyo. Nilijiambia ni kwa wiki chache tu. Nilijiambia watoto wa Begani wamekaa bila shule miaka yote, mwezi mmoja hauwaui. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi hesabu za kujitetea.

Aprili ikaisha, Mei nayo. Tuliongeza njia tatu kwenye daftari, zote za kamba au mikono miwili. Nilikuwa na kila nilichokitaka na sikuweza kukifurahia, kwa sababu kila alipokuwa akishuka na kuniita kutoka chini, "Ana, shika," nilijua kwamba ninamshikisha uongo. Jumamosi moja ya Juni, ukungu haujatawanyika, tulifika mbele ya zile nyasi. Alisimama akazitazama. "Hapa nyuma hatujawahi kuangalia," akasema. Nikamwambia zina mwenyewe. "Za nani?" Nikataja jina la bibi mmoja wa karibu na kanisa. "Basi tusubiri zikatwe, si wiki mbili hivi?" akasema, na bila hata kunitazama akaenda hatua thelathini mbele, kwenye ufa mwembamba ambao tulikwisha kuukataa Februari. Angeweza kunisukuma na kupita. Alikuwa mtu wa kuheshimu mafundo, na mimi ndiye niliyemfanya hivyo.

Alishuka vizuri hadi kamba ikaisha. Akapaza sauti kwamba palipobaki ni pa mikono miwili tu, anaifungua kamba. Nilihisi kamba ikilegea kiunoni. Halafu nikasikia kiatu kikiburuza kwenye jiwe, na kishindo, na baada ya hapo kengele za ng'ombe. Nilimwita mara tatu, ndipo akajibu neno moja, "Mguu." Kukimbilia kijijini kusingesaidia, watu wangezunguka kusini hadi jioni. Niliifungua kamba, nikakimbia kwenye nyasi, nikapita katikati ya mafundo yangu, nikateremka kwenye upenyo. Nilimfikia baada ya dakika chache tu. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, mguu wa kulia umepinda chini ya goti, na macho yake yalikuwa juu, akinitafuta kwenye kamba. Nikamwita kutoka pembeni. Akageuza kichwa akaniona nakuja kwa miguu, natembea kwenye majani.

"Umepitia wapi?" akaniuliza. Nikajifanya nashughulika na mguu.

Baba Shija, mkubwa wa familia za pale, alikuja na ndugu zake wakiwa na miti miwili na blanketi, wakafunga machela. Niliwaongoza kwenye upenyo kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kumfikisha mtu kwenye gari akiwa salama. Baba Shija alikuwa ameshika upande wa kichwa, na alipoona tunakoelekea akaanza kuongea, kwa upole, bila kujua anachokifanya. "Kumbe huku panaruhusiwa, mwalimu? Mimi nilifika huku mwezi wa tano. Nilifuata mbuzi. Nikakuta mafundo, mabichi kabisa. Nikasema basi, wenye mji hawataki tupite, ng'ombe wangu waliwahi kuniletea kesi ya nyasi, sitaki nyingine. Nikarudi. Nikamwambia mama Shija, mtoto atasoma mwaka mwingine." Wanaume walikuwa wanahema, machela inapinda kushoto, inapinda kulia, haigusi ukuta. Elia alikuwa anayatazama mawe yakipita moja moja.

"Mikono mfukoni," akasema. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu Pasaka. Alifumba macho, na hakuyafumbua tena hadi tulipofika juu.

Gari la misheni lilimpeleka Sumbawanga. Nilimfuata Jumamosi iliyofuata na ndizi na sabuni, nikamkuta wodini mguu umefungwa plasta hadi nyonga. Alinishukuru kwa kuja. Alinishukuru pia kwa kuwaleta watu haraka siku ile. Alikuwa na adabu sana, aliniita mwalimu, aliniuliza mitihani inaendeleaje, na wagonjwa wa vitanda vya jirani bila shaka walituona watu wawili wa ofisi moja. Nilitaka anitukane. Nilisema, "Kaka Elia, nilifanya vibaya," akajibu kwamba mtoto wa Baba Shija aandikishwe mapema, nisisubiri Januari. Nikasubiri aendelee. Akaniuliza kama ukungu wa huko umepungua. Wiki mbili baadaye ndugu yake alikuja kumchukua, na mimi nilipata habari hiyo kwa mwalimu mkuu, aliyeniambia huku anakunja gazeti kwamba yule mwenzako keshakwenda.

Nusu ya pili ya mwaka sina mengi ya kusimulia. Niliishi nayo siku baada ya siku. Watoto wa Begani walianza kuja Julai, Shija akiwa mbele, kaptura na gauni za rangi zozote, wakitokea kwenye nyasi saa moja asubuhi kama waliozaliwa humo. Nilimfundisha Shija kuandika jina lake. Watu wa kijiji walinisifu kwa kuiona njia, mwalimu mkuu alinitaja mbele ya mkutano wa wazazi, na nilisimama nikapokea makofi. Nyumbani nilipika kidogo, nikala nimesimama. Upande wa pili wa ukuta walihifadhi mahindi ya shule, na usiku panya walikimbia humo. Nilimwandikia barua tatu na sikupeleka hata moja. Nimeishi na watu tangu wakati huo, nimezaa, nimezika, nyumba yangu haijawahi kukosa wageni, lakini upweke wa miezi ile nikiugusa bado uko palepale, na nilijitengenezea mwenyewe.

Juzi nilimpigia Neema. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za yale ya kawaida, uchapakazi na ucheshi, nimeziweka mezani tayari kumsomea. Tukasalimiana. Kabla sijaanza akaniambia kuna jambo wadogo zake wanataka kulijua, ni kuhusu mguu, maana baba alichechemea maisha yake yote na hakupenda kuulizwa. "Alichotuambia ni kwamba huko Ufipa alikuwa na tabia ya kupanda miamba peke yake," akasema. "Hakuwa na mtu wa kwenda naye. Siku moja akateleza. Basi. Sijui kama wewe mama ulisikia chochote, au labda hukuwepo."

Nikakaa. Miaka yote hiyo, kwa mke wake na kwa watoto wake, hakuwahi kunitaja. Sijui kama alinificha ili nisiaibike au alinifuta tu, na hakuna tena wa kumwuliza. Nilikuwa na kurasa zangu mezani. Ningeweza kusema nilisikia kijuujuu, kwamba siku hiyo nilikuwa Kaengesa, na Neema angeshukuru na kuyaandika hivyo, na yangebaki hivyo.

"Uko hewani, mama?"

"Nipo, mwanangu," nikasema. "Hakuwa peke yake. Tulikuwa wawili, na njia ya kushukia mimi nilikuwa naijua."